Presha ya mbio za feri si ugonjwa wa presha

Mhariri,

Hii ni barua kuhusu meza. Meza ndogo ya plastiki, mwavuli juu yake, mashine ya kupima presha, na kipande cha kadibodi kilichoandikwa bei. Ziko karibu na kivuko cha Likoni hapa Mombasa, ziko kando ya masoko na steji za matatu. Wengi wanaoziendesha wana nia njema, na kupima presha ni jambo la kupongezwa. Lakini mtazame anayepimwa. Ameshuka feri akisukumwa na umati, amepanda ule mlima wa kutokea kivukoni kwa haraka, mfuko begani, simu inaita na anajua ni mwenye nyumba. Anaketi kwenye stuli isiyo na egemeo. Mkono unaning'inia. Mkanda unafungwa juu ya shati, huku anaulizwa anatoka wapi na ana miaka mingapi, naye anajibu. Mashine inaandika 158 juu, 96 chini. "Mama, una presha," anaambiwa. Jioni anameza nusu ya kidonge cha jirani.

Pale hakupimwa ugonjwa. Ulipimwa mwili ulioshtuliwa, ukifanya sawasawa kazi uliyoumbiwa. Na inawezekana pia mama yule ana ugonjwa wa presha kweli, ila kwa kipimo kile hakuna wa kujua. Tunaomba nafasi tueleze jinsi neva na homoni zinavyojibu msongo, kwa sababu majibu hayo yana saa zake, na asiyezijua saa hizo atasomewa namba akaziamini.

Kiswahili kiliyaona haya zamani. Mtu akishtuka twasema moyo unamwenda mbio, mate yamemkauka, jasho jembamba linamtoka, nywele zimemsimama, ana tumbo joto. Kila moja ya semi hizo ni kazi ya neva inayoweza kuonyeshwa kwa kidole.

Mtu anavuka Barabara ya Digo, tuktuk inampigia honi mgongoni. Sauti inaingia ubongoni, na sehemu ndogo iitwayo amigdala inaitia alama ya hatari kabla mwenyewe hajageuka kutazama. Amigdala inaiarifu haipothalamasi, kipande cha ubongo chenye uzito wa gramu 4 hivi. Hapo kazi mbili zinaanza pamoja.

Ya kwanza ni kuachia breki. Moyo wa mtu mzima ukiachwa bila neva yoyote hupiga kama mara 100 kwa dakika. Tukiwa tumetulia hupiga 60 hadi 80 kwa sababu neva ya vagasi, inayotoka chini ya ubongo ikateremka shingoni hadi kifuani na tumboni, inaushika usikimbie. Ukishtuka, vagasi inalegeza mkono wake ndani ya sekunde moja, na moyo unaruka. Ndiyo ile "paa!" unayoisikia kifuani hata hujajua umeshtuliwa na nini.

Ya pili ni neva za simpathetiki. Hizi hutoka kwenye uti wa mgongo, sehemu ya kifua na kiuno, zikasambaa hadi kwenye moyo, mishipa ya damu, mapafu, macho, ngozi na matumbo. Mboni za macho hupanuka, na njia za hewa vilevile. Mishipa ya damu ya ngozi hujibana, ndiyo maana vidole huwa baridi hata katika joto la Februari hapa Mombasa. Viganja hulowa jasho. Vinyweleo husimama kwa kuwa kila kimoja kina msuli wake mdogo ndani ya ngozi. Mate huwa mazito na machache. Tumboni mambo huenda kinyume juu na chini: tumbo lenyewe huzubaa na chakula kukwama, lakini utumbo mpana huharakishwa. Ndiyo sababu mtahiniwa hana hamu ya chai asubuhi ya mtihani, na wakati huohuo ameshakwenda msalani mara tatu.

Tawi moja la neva hizi haliishii kwenye kiungo kama matawi mengine. Linaingia moja kwa moja ndani ya tezi ya adrenali. Tezi hizo ni mbili, zimekaa juu ya figo kama kofia, kila moja gramu 4 au 5. Kiini cha tezi ni kama neva iliyogeuka chemchemi: badala ya kusema na kiungo kimoja, hummwagia mtu ujumbe kwenye damu yote. Asilimia 80 hivi ya kinachomwagwa ni adrenalini, iliyobaki ni ndugu yake, noradrenalini. Jokichi Takamine, mwanakemia kutoka Japani, aliitoa adrenalini ikiwa safi mwaka 1901, na mwaka 1915 Walter Cannon wa Chuo Kikuu cha Harvard akaeleza kwamba maandalizi yote haya humweka mnyama tayari kupigana au kukimbia. Adrenalini huliamuru ini lifungue akiba yake ya sukari, ambayo kwa mtu aliyeshiba ni kama gramu 100. Huongeza nguvu ya kila pigo la moyo. Huitetemesha misuli ya mikono. Huziweka macho chembe za kugandisha damu, endapo kutatokea jeraha.

Takwimu ya kushika ni hii: nusu ya adrenalini iliyo kwenye damu huondolewa kwa dakika 2 au 3. Tuktuk ikiisha kupita na roho ikitua, robo saa haiishi kabla karibu yote haijatoweka.

Kando ya neva hizi kuna njia nyingine, ya homoni tupu, nayo haina haraka. Haipothalamasi hutoa homoni inayoteremka kwa mishipa midogo ya damu hadi kwenye tezi ya pituitari, yenye ukubwa wa punje ya njegere, iliyoning'inia chini yake. Pituitari hutia kwenye damu homoni iitwayo ACTH. Hiyo husafiri hadi kwenye gamba la nje la tezi za adrenali, na gamba hutengeneza kotisoli. Kotisoli haina ghala. Hupikwa upya kutokana na kolesteroli kila inapoagizwa. Ndiyo maana hufika kileleni kwenye damu dakika 20 au 30 baada ya mshtuko, wakati adrenalini ya mwanzo imeshakwisha, na huchukua saa moja na zaidi kurudi ilikokuwa. Kazi zake ni za ndani zaidi: huingia kwenye seli na kubadilisha jeni zipi zisomwe na zipi zinyamaze, kwa hiyo matokeo yake huendelea kwa saa nyingi. Huliambia ini litengeneze sukari mpya kutokana na protini, hupunguza uvimbe na makali ya kinga ya mwili, na huifanya mishipa ya damu iisikie zaidi noradrenalini. Kisha kotisoli yenyewe hurudi ubongoni na kuziambia haipothalamasi na pituitari kwamba inatosha.

Hans Selye, mtafiti wa homoni, ndiye aliyeliingiza jambo hili kwenye vitabu. Mwaka 1936, akiwa Montreal, Kanada, aliandika kwamba panya walioteswa kwa njia tofauti kabisa, kwa baridi, kwa majeraha, kwa sumu, kwa kukimbizwa kupita kiasi, wote walionyesha mabadiliko yaleyale: tezi za adrenali zimevimba, tezi ya kinga kifuani imenywea, tumbo lina vidonda. Sisi tuna neno zuri kwa hali hiyo. Msongo umetokana na kusonga, kama mwiko unavyosonga ugali: kinachobanwa hubadilika umbo, na ukibana bila kuachia hakirudi kilivyokuwa.

Sasa turudi kwenye meza yetu. Kipimo cha haki hakina gharama zaidi ya ile mashine. Nusu saa kabla ya kupimwa mtu asinywe kahawa, asivute sigara, asitafune muguka, wala asiwe ametoka mbio. Aende msalani kwanza, kwani kibofu kilichojaa chaweza kuongeza presha kwa milimita 10 za zebaki, kipimo kinachosomwa na mashine. Aketi kwenye kiti chenye egemeo, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili chini, asikunje nne, kwa dakika 5 nzima, bila simu. Dakika hizo 5 zina faida yake: ni kama mara mbili ya muda unaohitaji mwili kuondoa nusu ya adrenalini. Aliyetoka kugombana au kukimbilia feri anataka nusu saa.

Mkono ulazwe juu ya meza, kiganja kikitazama juu, katikati ya mkanda iwe usawa wa moyo. Kila sentimita 10 mkono unaposhuka chini ya moyo, mashine huongeza milimita 7 au 8 ambazo mtu hana. Mkanda ufungwe kwenye ngozi, si juu ya nguo, ukingo wake wa chini sentimita 2 au 3 juu ya kikunjo cha kiwiko. Na ukubwa wa mkanda ndipo akina mama wenye mikono minene wanapodhulumiwa siku zote. Mfuko wa hewa ulio ndani ya mkanda unatakiwa uzunguke angalau asilimia 80 ya mkono. Ukiwa mfupi, mashine hulazimika kubana zaidi ili kuziba mshipa, kisha inaandika kubana kwake kama vile ni presha ya mtu. Mwenye meza asiye na mkanda mkubwa aseme wazi kwamba hawezi kumpima mtu huyo.

Kisha kimya. Mazungumzo ya kawaida tu huongeza kama milimita 10, na mtu anayeulizwa habari za watoto wake anajibu kwa moyo wake wote. Apimwe mara mbili, dakika 1 au 2 zipite katikati, uandikwe wastani. Siku ya kwanza ipimwe mikono yote miwili, na tangu hapo utumike ule uliotoa namba kubwa. Ikifika 140 juu au 90 chini, arudi siku nyingine. Ugonjwa wa presha hautangazwi kwa kipimo cha siku moja. Kwa anayejipima nyumbani mpaka ni 135 kwa 85. Isipokuwa mashine ikisema 180 kwa 120 na mtu ana maumivu ya kifua, anahema kwa shida, anaona ukungu, mdomo umepinda au upande mmoja umelegea: huyo hangoji siku nyingine wala dakika nyingine, anapelekwa hospitali.

Vidonge vya jirani vina madhara yanayojulikana. Anayeteremshiwa presha ambayo haikuwa ya ugonjwa huamka usiku kwenda msalani akaanguka. Mbaya zaidi ni vile vidonge vya nifedipini vya kufanya kazi upesi ambavyo wengine huvitafuna ili "ishuke sasa hivi". Presha ikiporomoka ghafla, ubongo na moyo hukosa damu, na mtu aliyekuwa mzima wa kutembea anaweza kupata kiharusi. Tumeandika kwa ukali hapa kwa sababu jambo hili linaepukika kabisa.

Upande wa pili wa kosa ni yule anayeambiwa "ni mawazo tu, presha yako itashuka ukitulia" mwaka wa tatu mfululizo. Ugonjwa wa presha kwa kawaida hauumi. Umri, urithi, chumvi, uzito na pombe vina nafasi kubwa ndani yake, na kutulia peke yake hakuuondoi. Chumvi ya siku nzima isizidi gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, pamoja na ile iliyo ndani ya mkate, achari na vibanzi. Aliyeandikiwa dawa azimeze hata siku ambayo moyo wake umetulia.

Tulichoeleza mpaka hapa ni mshtuko unaopita. Ujumbe wa mkopo wa simu unaoingia alfajiri hugonga amigdala ileile iliyogongwa na honi ya tuktuk. Tofauti ni kwamba tuktuk hupita. Deni, karo, mgonjwa ndani ya nyumba, kazi ya kibarua isiyojulikana kesho itakuwepo au la, hivi hukaa. Mwili huamshwa mara kwa mara kabla haujatulia, na kotisoli hupoteza mpangilio wake. Kwa kawaida hufika kileleni dakika 30 hadi 45 baada ya kuamka, ikashuka mchana kutwa, ikafika chini kabisa karibu na saa sita usiku. Msongo wa muda mrefu huweza kuuvuruga mteremko huo, jioni kotisoli ikabaki juu ilipopaswa kushuka. Mtu analala juujuu, anaamka saa tisa usiku macho makavu, asubuhi hana nguvu. Mafuta hujilimbikiza tumboni. Mafua hayaishi. Kwa wanawake hedhi huchelewa au hukosekana, kwa sababu haipothalamasi inayoendesha msongo ndiyo hiyohiyo inayoendesha homoni za uzazi, na kotisoli inapozidi huizuia kazi hiyo ya pili. Kabla ya kulaumu msongo, lakini, apime mimba.

Walinzi wa usiku na wafanyakazi wa zamu bandarini wako pabaya zaidi, kwani wanalazimika kuwa macho saa ambayo kotisoli iko chini na kulala saa inayopanda. Linalosaidia ni kulala saa zilezile kila siku, chumba kikiwa giza kabisa kwa pazia nzito, na kutokunywa kahawa katika saa sita za mwisho za zamu. Kafeini huchukua kama saa 5 kupungua nusu. Kikombe kimoja cha kahawa tungu ni kidogo kwa kipimo, lakini vinne vilivyonywewa barazani saa kumi na moja jioni, nusu yake bado iko kwenye damu saa nne usiku.

Muguka ni jambo zito kuliko kahawa. Mei 2024, Mombasa ilipoupiga marufuku na amri ile ikaishia mahakamani, mjadala ulikuwa wa biashara, mapato na vijana. Kemia yake ilizungumzwa kidogo. Majani yale, kama miraa, yana kathinoni, ambayo huzifanya ncha za neva zitoe dopamini na noradrenalini. Maana yake mtafunaji anajiwashia neva za simpathetiki kwa mkono wake: mapigo juu, presha juu, mdomo mkavu, njaa hakuna, usingizi hakuna, kwa saa kadhaa. Anayetafuna ili "kuondoa stress" anaongeza moshi kwenye nyumba inayoungua. Na ikiwa ni mgonjwa wa moyo au wa presha, hatari ni ya siku ileile.

Kuna mgonjwa mmoja ambaye kila mtu aogope kumdhania ana mawazo tu, naye ni mwenye kisukari. Sukari ikishuka mno, mwili huita adrenalini ili ini lifungue akiba. Dalili basi ni zilezile za hofu: jasho, kutetemeka, moyo mbio, hasira ya ghafla. Watu wakisema "ana mawazo" na kumwacha alale, anaweza asiamke. Mpe vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari ndani ya maji, kama anaweza kumeza, ngoja dakika 15, rudia ikiwa hajapata nafuu, kisha ale chakula. Asiyeweza kumeza asitiwe kitu mdomoni, apelekwe hospitali.

Vidonda vya tumbo navyo vimesingiziwa msongo na njaa kwa muda mrefu mno. Mwaka 1982, huko Perth, Australia, Barry Marshall na Robin Warren waliikuza bakteria iitwayo Helicobacter pylori kutoka kwenye matumbo ya wagonjwa, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Bakteria hii na vidonge vya maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni ndivyo visababishi vikuu. Msongo unaweza kuzidisha maumivu, lakini mwenye bakteria hatapona kwa kupumzika. Anahitaji antibayotiki mbili pamoja na dawa ya kupunguza asidi, kwa siku 14 kamili. Kipimo cha choo kinapatikana. Asimeze dawa za asidi kama omeprazoli kwa wiki 2, wala antibayotiki kwa wiki 4, kabla ya kupimwa, la sivyo kipimo kitasema hana na ilhali anayo.

Tumeliweka hili hapa kwa makusudi, kwa sababu ni watu wachache wanaolihusisha na homoni za msongo: krimu kali za kung'arisha ngozi na vidonge vya "deksa" vya kunenepa. Deksamethasoni, prednisoloni na klobetasoli zote ni ndugu wa kotisoli, wenye nguvu zaidi. Mwili wa mtu mzima hutengeneza kotisoli ya miligramu 10 hadi 20 kwa siku. Miligramu 1 tu ya deksamethasoni ni sawa na miligramu 25 au zaidi za kotisoli. Klobetasoli ya kupaka imewekewa mpaka wa gramu 50 kwa wiki na wiki 2 mfululizo, nao wapo wanaoipaka mwili mzima mwaka mzima. Ubongo huona damu imejaa, hauagizi tena, na gamba la tezi za adrenali linasinyaa kwa kukosa kazi.

Mtumiaji huona uso umekuwa wa duara na shavu zimejaa, akadhani ni afya. Mikono na miguu hukonda, ngozi ya tumbo hupata michirizi ya zambarau, presha na sukari hupanda. Halafu siku moja pesa zinaisha au mume anakataza, anaacha ghafla. Hana kotisoli ya kununua wala ya kwake mwenyewe. Akipata malaria, akifanyiwa upasuaji, hata akiharisha sana, mwili unaita homoni ya msongo na hakuna anayeitika: kutapika, kizunguzungu akisimama, presha chini, sukari chini, fahamu kupotea. Aliyetumia dawa hizi kwa zaidi ya wiki 3 au 4 asiache kwa siku moja. Amwendee daktari, amwambie ukweli wote bila haya, apunguziwe kidogo kidogo kwa wiki au miezi. Na anayehudumia mgonjwa aliyezimia mwenye ngozi iliyochunuka amtaje daktari krimu hiyo mapema, kwa sababu sindano ya haidrokotisoni inayotolewa kwa wakati humrudisha.

Tumalizie na pumzi, maana hapo ndipo mtu anapoweza kuigusa vagasi yake mwenyewe. Weka vidole viwili vya mkono mmoja chini ya kidole gumba cha mwingine, kifundoni, upate mshipa. Vuta pumzi taratibu: mapigo yanakaribiana. Itoe pole pole: yanaachana. Kwa vijana tofauti husikika wazi. Kila unapovuta, vagasi hulegeza. Kila unapotoa, hushika tena. Basi refusha kutoa. Sekunde 4 kuvuta kwa pua, tumbo likitangulia kuinuka kabla ya kifua, sekunde 6 kutoa kwa midomo iliyobanwa kama anayepuliza uji wa moto. Hiyo ni mizunguko 6 kwa dakika. Fanya kwa dakika 5. Usivute kwa nguvu. Ukisikia kizunguzungu umezidisha hewa, punguza.

Kuzidisha hewa ndiko kunakowaangusha wengi katika vituko vya hofu. Mtu anahema haraka, kaboni dioksidi inapungua, mishipa ya ubongo inajibana na kichwa kinakuwa chepesi. Damu inaegemea upande wa alikali, kinyume cha asidi, kalsiamu huru ndani yake inapungua, na midomo inakufa ganzi, vidole vinachomachoma kisha vinajikunja kama kucha za kuku. Watu husema amepandisha. Familia ikitaka kumsomea dua imsomee. Lakini wamtawanyikie apate nafasi, mtu mmoja mwenye sauti ya upole akae mbele yake, ahesabu naye kutoa pumzi. Asifunikwe mfuko usoni, kwani huenda ni pumu au ni moyo. Kilele cha hofu hupita kwa dakika 10 hivi. Maumivu ya kifua yanayobana, yakapanda tayani au mkono wa kushoto, yakazidi dakika 15 na jasho la baridi, ni ya hospitali, hasa kwa aliyepita miaka 40 na hajawahi kuona jambo hilo.

Pumzi haichukui nafasi ya dawa, na haitalipa kodi ya nyumba. Kutembea kwa haraka nusu saa, Mama Ngina Drive au mtaani kwako, kunafanya kitu ambacho pumzi haifanyi: misuli inaitumia ile sukari iliyofunguliwa kwa ajili ya kukimbia, ambayo kwa aliyekwama ndani ya matatu darajani Nyali haikuwa na pa kwenda.

Ombi letu kwa wenye meza na wenye maduka ya dawa ni dogo. Wekeni viti viwili vyenye egemeo, kimoja cha kupimiwa na kimoja cha kungojea, na mkanda wa pili ulio mkubwa. Na kwenye kile kikaratasi mnachompa mtu, kando ya 158 kwa 96, andikeni pia ameketi dakika ngapi kabla hamjampima.

Wakufunzi wa uuguzi,
Mombasa